Kwa nini mama anaishia kikao cha pili? Tiba ya mazungumzo hapa Mwanza

#1 MwaloniAsubuhi

Mwangaluka wakuu.

Swali langu ni hili. Mwanamke anahangaika kupata nafasi kwa mwanasaikolojia, anapanda mlima wa hospitali ya Bugando, anakaa saa nzima anaongea, anapewa tarehe. Tarehe inafika, anarudi. Ya tatu harudi. Ukimpigia simu, "nitakuja tu". Kwa nini?

Najua mtasema wataalamu ni wachache. Ni wachache kweli, ila huyu alishampata wake. Dai langu ni kwamba anakwenda mikono mitupu. Kliniki ya wajawazito hakuna anayekwenda bila kadi, lakini kwenye tiba ya mazungumzo tunaingia kama tunaulizia bei ya kitenge. Kikao cha kwanza kinaisha kwa maswali ya historia, cha pili kinaokoteza yaliyosahaulika kwenye cha kwanza, mtu anatoka akisema "wanauliza tu, hawatibu".

Ninachopendekeza ni karatasi moja, upande mmoja, iandikwe siku mbili tatu kabla na siyo ndani ya daladala. Juu kabisa: hali ilianza lini, na maishani kulikuwa na nini wakati huo. Halafu usingizi wa siku saba zilizopita, kwa saa: nilipanda kitandani saa nne, usingizi ukaja saa saba, nikaamka saa kumi. "Silali vizuri" haimpi mtu pa kushika. Halafu tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba ngapi, zilizoharibika ngapi, mtoto wa mwisho ana miezi mingapi na kama bado ananyonya. Dawa zote kwa majina, pamoja na uzazi wa mpango na mizizi ya kuchemsha. Chini kabisa sentensi moja: hali ikiwa nafuu, kitu cha kwanza nitakachorudi kukifanya ni kipi?

Hiyo ya chini ndiyo lengo la tiba. Bila lengo, kikao kinageuka baraza.

Leteni hoja.

#2 SangaraMinofu

Siti ya mbele, kashata ninayo. "Nitakuja tu" mbona hata fundi cherehani anaitumia.

#3 NesiWaZamu

Karatasi naiunga mkono, sababu siiungi. Harudi kwa kuwa alikosea mlango siku ya kwanza.

Daktari bingwa wa afya ya akili ni daktari: anapima, anaandika dawa, anakupa tarehe. Kwa foleni ya kliniki usitegemee akupe saa nzima. Mwanasaikolojia tiba anafanya mazungumzo kwa mpango, ila haandiki dawa. Mshauri nasaha, wengi wao walifunzwa kwa ajili ya VVU na utawakuta CTC, yaani kliniki ya wenye VVU. Kumtuliza mtu na kumfuatilia wanajua sana, lakini kutibu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au kiwewe ni mafunzo mengine. Afisa ustawi wa jamii ni wa matunzo ya watoto, mgogoro wa ndoa, mahali salama pa kulala. Na yupo nesi wa afya ya akili, ambaye mara nyingi ndiye utakayemkuta kwanza na ndiye anayejua nani anakaa chumba gani siku gani.

Sasa mtu aliyetaka kuongea akiingia kwa daktari bingwa, anatoka na cheti cha dawa na hasira. Aliyehitaji dawa akipelekwa kwa mshauri, anaongea wiki sita huku hali inazama.

Kwa hiyo dirishani usiseme "nimekuja afya ya akili". Sema: "Nahitaji mtu wa mazungumzo, siyo dawa peke yake. Anakaa siku gani, na kikao ni dakika ngapi?" Cha kawaida ni dakika 45 hadi 60. Ukiambiwa "tutaona", uliza mwingine.

Na anayetumia bima aulize habari ya rufaa kabla hajaupanda mlima. Bugando ni hospitali ya kanda, ngazi ya juu hiyo. Sekou Toure ni ya mkoa, na chini yake kuna za wilaya na vituo vya afya. Uliza pia kama bima yako inamlipa mwanasaikolojia au inaishia kwa daktari.

#4 BwanaIgoma

Mnazunguka mbuyu. Ni hela.

Pigeni hesabu ya kikao kimoja: nauli ya kwenda na kurudi, ada ya kumwona mtu, chochote kwa anayebaki na mtoto, na mauzo ya siku nzima yaliyokufa. Halafu zidisha. Wengi wanapanga hela ya safari moja kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba hii ni safari nyingi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa PM+ una vikao 5 vya dakika 90, na huo ndio mfupi. Tiba ya kurekebisha fikra na matendo kwa kawaida ni 8, 12, hadi 20. Ya mahusiano ni 12 hadi 16.

Maswali ya kikao cha kwanza ni haya: tunategemea vikao vingapi, kila baada ya siku ngapi, na kikao cha ngapi tutapima kama kuna mabadiliko? Asiyeweza hata kukadiria, hana mpango.

Na kabla ya kwenda jazeni ile fomu ya maswali tisa, PHQ-9, inapima hali ya wiki moja iliyopita. Mama aliyejifungua akifika alama 10 ana sonona, basi, hakuna mjadala.

#5 NesiWaZamu

Bwana Igoma, hesabu ya nauli uko sawa, fomu umeiponza.

PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita, siyo moja. Kila swali 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 inamaanisha mtu apimwe vizuri zaidi. Haimaanishi jibu limepatikana. Na kwa mama mwenye kichanga ina mtego: inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mwenye mtoto wa wiki tatu nani analala vizuri na nani hachoki?

Kwa mzazi kipo kipimo cha Edinburgh, cha mwaka 1987. Maswali 10, siku saba zilizopita, jumla 30. Waliokitunga waliziacha kwa makusudi dalili za mwili zinazofanana na uchovu wa uzazi. Mpaka wa kutilia shaka wengine wanaukata kwenye 10, wengine 13, inategemea wanatafuta nini. Ila swali la 10, la kujidhuru, halina cha kukata. Jibu lolote zaidi ya sifuri linazungumzwa siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa 4.

#6 BwanaIgoma

Nimepokea. Hela hata hivyo haijajibiwa.

#7 MayuKisesa

Bwana Igoma umeigusa ukapita. Siyo hela tu, ni mwezi.

Mama wa dagaa hana Jumatatu wala Ijumaa, ana giza na mbalamwezi. Giza likiingia, yaani zile siku za usiku usio na mwezi, mitumbwi inatoka na taa usiku kucha, yeye alfajiri yuko ufukweni na ndoo anagombania mzigo. Dagaa wakishamwagwa kwenye chanja au mchangani wanageuzwa jua likipanda, na wingu likikaa vibaya upande wa ziwa inabidi wakusanywe mbio, maana wakinyeshewa wananuka na bei inaanguka hadi ya chakula cha kuku. Mwanamke huyo huyo ndiye mmemwandikia "kila Jumatatu saa tatu asubuhi kwa wiki nane". Wiki nane zinapita juu ya giza mara mbili. Kikao cha kwanza na cha pili viliangukia mbalamwezi. Cha tatu giza limeingia. Kuna la kuuliza hapo?

Mpangilio unaowezekana: wiki ya mbalamwezi vikao viwili, vipishane siku tatu au nne. Giza likianza, kimoja kwa simu mchana, saa nane hivi, dagaa wameshageuzwa na mtoto amelala. Mazoezi ya nyumbani nayo yapimwe kwa giza. Usimwambie "tembea dakika thelathini" mtu aliyebeba ndoo tangu saa kumi na moja. Mwambie akae dakika kumi bila mtu kumwita.

#8 SangaraMinofu

Kwa hiyo mwanasaikolojia anunue kalenda ya mwezi. Tumpe na kasia kabisa.

#9 MayuKisesa

Mwenye kliniki ya wajawazito anajua siku ya gulio. Kipi cha ajabu?

#10 MtaaWaNyegezi

Naleta maelezo mengine, kwa upande wa tiba yenyewe.

Kikao cha kwanza kina nafuu yake. Mtu ametua mzigo, analala vizuri siku mbili. Cha pili ndipo kidonda kinaguswa, na wiki inayofuata hali inakuwa mbaya kuliko alivyokuja: ndoto, kulia jikoni, hasira kwa watoto. Kama hakuonywa, anahitimisha kwamba mazungumzo yamemharibu. Kukwepa kinachoumiza ni sehemu ya ugonjwa, siyo utovu wa nidhamu. Na sonona yenyewe inakula ile nguvu ya kuoga, kuvaa na kutoka nyumbani.

Mtaalamu makini haanzi na tukio kubwa. Kwanza anafundisha namna ya kurudi mwilini: miguu sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona, pumua nje polepole kuliko unavyovuta ndani. Hilo likishika ndipo kiwewe kinafunguliwa, kidogo kidogo. Ukiona mtu kikao cha kwanza anakudai usimulie ubakaji mwanzo hadi mwisho, una haki ya kusema "hapo bado".

Na muda baada ya kikao upangwe kama kikao chenyewe. Nusu saa isiyo na kazi. Anayetoka pale akaruka moja kwa moja kwenye jiko la mama lishe lenye wateja kumi na wawili, hasira ya wiki nzima ataimalizia kwenye sufuria.

Jambo jingine, msidharau vikundi. Ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, Rakai na Masaka, walijaribu tiba ya mahusiano kwa vikundi vijijini, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Wanawake peke yao na wanaume peke yao, kiongozi wa jinsia ile ile, dakika 90 kwa wiki, wiki 16. Walioongoza walikuwa watu wa maeneo yale yale waliopewa mafunzo ya wiki chache, siyo madaktari, na sonona ilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wasiopata. Inatazama mambo manne tu: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya nafasi maishani kama kuolewa au kuzaa, na upweke. Ukimleta mwanamke wa ufukweni, tatizo lake linaingia kwenye moja ya hayo kabla chai haijapoa.

#11 Ng'ombeWaMahari

Na waganga je? Watu wanarudi kwa mganga kwa sababu anamaliza siku moja.

#12 MtaaWaNyegezi

#11, mganga hamalizi siku moja, anakupa masharti ya siku saba na unayafuata. Ndiyo tofauti. Anakwambia nini kimekupata, nani kahusika na ufanye nini kesho asubuhi. Mtaalamu wetu anakwambia "tutaendelea wiki ijayo". Kila kikao kimalizike na kazi moja ya kufanya, ndogo, yenye siku na saa.

Anayekwenda kote kuwili aseme, hasa anachokunywa. Asifiche wala asifokewe.

#13 MfamasiaKirumba

Nawasoma mnavyogombania roho, mwili mmeusahau. Wengine hawarudi kwa sababu mazungumzo hayakuwa tiba yao.

Kabla ya kikao cha tatu mtu awe amepimwa wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11, huo ni upungufu. Kuchoka, moyo kwenda mbio, kushindwa kufikiri, kukasirika haraka: zote hizo damu pekee inaweza kuzileta. Sisi wa ziwani tuna kichocho cha ziada, kinanyonya taratibu miaka na miaka. Halafu tezi ya thairoidi. Baada ya kujifungua, ndani ya mwaka wa kwanza, inaweza kuvimba na kuvurugika. Kwanza mtu anakuwa na wasiwasi, jasho na mapigo ya moyo, baadaye anageuka mzito, mwenye baridi na huzuni. Kipimo chake ni cha damu, na mara nyingi hakiagizwi kama hujataja lini ulijifungua. Ndiyo maana ile karatasi ya #1 naipenda.

Kwenye dawa kuna mambo matatu yanayoharibu safari.

La kwanza, dawa za sonona haziamki siku ya pili. Wiki mbili hadi nne ndipo unaanza kuhisi, nyingine sita. Madhara ndiyo yanawahi: kichefuchefu na kichwa kwa fluoksetini na sertralini, mdomo kukauka na usingizi mzito kwa amitriptilini. Mtu anapata ubaya wiki ya kwanza, uzuri haujafika, anaacha. Na akipata nafuu anaacha tena, wakati ilipaswa aendelee kama miezi sita baada ya kupona. Anayenyonyesha asiache dawa wala asimwachishe mtoto kwa kusikia maneno ya jirani. Sertralini huingia kwenye maziwa kidogo sana na ndiyo hupendelewa. Na amitriptilini ikizidi dozi inaua, kwa hiyo nyumba yenye mtu anayewaza kujidhuru ipewe ya siku chache, ashike mtu mwingine.

La pili, valproeti. Hii inaandikwa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kati ya watoto 10 waliokutana nayo tumboni kama 1 anazaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 wanachelewa kukua akili. Usiiache ghafla, degedege linaweza kurudi. Rudi kwa daktari uulize mbadala kabla ya kutafuta mtoto.

La tatu, kabamazepini na vijiti vya uzazi wa mpango. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, inalifanya ini liisage homoni haraka, kijiti kinabaki mkononi lakini kinga imepungua. Vidonge vivyo hivyo. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviguswi. Mimba isiyotarajiwa katikati ya matibabu, halafu mtu aambiwe ana msongo.

Kwa anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, kabamazepini inaishusha nayo, CTC waambiwe. Na kama dolutegraviri inakunyima usingizi, uliza kuhamishia kidonge asubuhi.

#14 SangaraMinofu

Mfamasia umetuandikia mtihani wa bodi. Kashata zimeisha.

#15 BintiCapri

Nakazia ya #13 kwa habari ya hedhi. Wapo wanaoonekana kichaa wiki moja na watakatifu wiki tatu. Andika kila siku kwa mizunguko miwili mfululizo: tarehe, damu ipo au haipo, na alama 0 hadi 3 kwa huzuni, hasira, wasiwasi, usingizi. Dakika moja usiku inatosha. Kama alama zinapanda wiki ya mwisho kabla ya hedhi na kuisha siku chache baada ya damu kuanza, hilo ni tatizo lenye jina lake na dawa yake. Kama zinapanda mwezi mzima na kuzidi tu karibu na hedhi, ni sonona inayochochewa. Ukijaza kwa kukumbuka mwisho wa mwezi haisaidii, kila mtu anakumbuka siku mbaya.

Na mama wa miaka arobaini na kitu mwenye joto la ghafla usiku na mizunguko iliyovurugika, aseme. Siyo kila jasho ni pepo.

#16 DadaPasiansi

Mmeongea kana kwamba mwanamke anaishi peke yake. Nani amemruhusu kutoka? Simu yake inasomwa na nani?

Anayeishi na mume mkali asibebe ile karatasi ya #1 nyumbani. Aandike akiwa kliniki, au kwa daftari la mauzo kwa alama anazozijua mwenyewe: duara ni siku ya kutolala, mstari ni siku ya kipigo. Namba ya mtaalamu ihifadhiwe kwa jina la kawaida, na wakubaliane kabla: ukipiga akapokea mwingine, unasema nini? Ujumbe wa kukumbusha tarehe usitaje kliniki. Haya yanaulizwa kikao cha kwanza, dakika tano za mwanzo.

Pia, mtaalamu anayewaweka mume na mke chumba kimoja kabla ya kumuuliza mwanamke peke yake kama anapigwa, amekosea hatua. Atakayoyasema mle ndani atayalipia usiku. Penye kipigo, kwanza usalama: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, fomu ya polisi ya PF3 kwa majeraha, ustawi wa jamii, na kwa hospitali zilizo nacho, kituo cha Mkono kwa Mkono ambako polisi, matibabu na ushauri viko sehemu moja. Kwa ubakaji, dawa za kuzuia VVU ni ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Mazungumzo yatasubiri, hizo saa hazisubiri.

Kuna na hofu ambayo hamjaitaja. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, jaribio la kujiua ni kosa. Mtu anaposikia swali la kumi la Edinburgh anajibu sifuri ili asifungwe, na kikao cha tatu harudi kwa kuwa swali linamngoja.

#17 NesiWaZamu

Dada, kwa faida ya wanaosoma: kifungu kinahusu kujaribu. Kuwaza na kumwambia mtaalamu siyo kosa, na hilo ndilo tunalotaka mtu aseme. Siri ina mipaka, ndiyo, ukiwa hatarini au mtoto akiwa hatarini, na mipaka hiyo uambiwe kabla hujafungua mdomo. Kama hujaambiwa, uliza: "Nikisema jambo zito, nani mwingine atajua?"

Na la dharura lisipotee humu. Mama aliyejifungua siku chache au wiki mbili hivi, ambaye halali na wala hachoki, anaongea haraka, anachanganyikiwa, anasema mtoto siyo wake au amebadilishwa: huyo siyo wa kutafutiwa kikao. Ni hospitali leo, na asiachwe peke yake na mtoto. Hutokea kwa mzazi 1 au 2 kati ya 1,000, na hutibika. Msimchanganye na yule anayelialia siku ya tatu ya uzazi na kutulia ndani ya wiki mbili. Huyo wa pili anahitaji usingizi, uji na mtu wa kumpokea mtoto.

#18 KijitaOrijino

Mnazungumza ya mjini. Mtu wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, kikao cha saa moja kinamgharimu siku mbili. Anapanda meli, analala kwa ndugu, na ndugu anauliza: "Umefuata nini?" Hapo siri imekwisha kabla tiba haijaanza.

Na lugha. Mama wa Kikerewe au Kisukuma anakwambia kichwa kinawaka moto, mgongoni kuna kitu kinatembea, moyo unachemka. Mnamwandikia paracetamol. Hajui neno sonona na hana haja nalo. Mtaalamu akiuliza "unajisikia huzuni?" anajibu hapana, na hasemi uongo. Auliziwe mwili, usingizi na mawazo mengi. Na mkalimani asiwe mtoto wake wala wifi yake!

#19 BwanaIgoma

Safari zimepungua ugumu lakini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna wa kusingizia kivuko.

#20 KijitaOrijino

Bwana Igoma, leo ni siku yako ya kusahihishwa. Daraja ni la Sengerema na Geita. Ukerewe ni kisiwa, mkuu. Daraja la Kigongo nitalifikiaje, kwa kuogelea?

#21 SangaraMinofu

😂😂 Bwana Igoma mpeni kiti apumzike.

#22 MtaaWaNyegezi

Kwa wa visiwani simu inafanya kazi ikipangwa: kikao cha kwanza ana kwa ana, vinavyofuata kwa sauti, na picha ya video isilazimishwe maana inakula bando na inakatika kwenye kilio. Kubalianeni mtandao ukikata nani anampigia mwenzake na baada ya dakika ngapi. Akae mahali asiposikika. Kwenye mtumbwi uliovutwa ufukweni ni pazuri kuliko chumba cha ukuta wa mabati.

#23 Ng'ombeWaMahari

Kuna moja mnaikwepa. Baadhi ya washauri wanahubiri. "Vumilia mama, ndoa ni hivyo." Nani atarudi kusikia alichokwisha kuambiwa na shangazi zake wote bure?

#24 NesiWaZamu

Hiyo ipo, siibishi. Dalili za kubadilisha mtu: anakwambia uamue nini kuhusu ndoa yako, anasimulia mgonjwa mwingine kwa undani, anajibu simu zake, anataka mkutane nje ya kazi, au kikao cha nne kimefika na hamjawahi kutaja lengo. Dalili ambayo siyo ya kubadilisha: amekuuliza swali lililokuuma. Muulize amesomea nini na nani anamsimamia. Daktari ana usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayesema "nina kipaji" mwache na kipaji chake.

#25 BintiCapri

Na kama harudi kwa sababu amepata alichokuwa anakitaka? Wengine walihitaji kuambiwa kwamba siyo wazimu, basi. Vikao viwili vimetosha. Mbona tunamhesabu kama aliyetoroka?

#26 MwaloniAsubuhi

BintiCapri umenipiga chenga. Ila aliyepona anasema "nimepona", hasemi "nitakuja tu".

Bado nashika karatasi yangu, ingawa nakubali ya #16 kwamba kwa wengine karatasi ni hatari. Na ya Mayu kuhusu giza sikuwahi kuiwaza, wabeja sana. Nesi, swali la mwisho: mtoto wa miaka mitatu anaingia kikaoni au anabaki?

#27 NesiWaZamu

Anayenyonya aingie. Wa miaka mitatu abaki, anasikia kila kitu na jioni atamsimulia bibi yake neno kwa neno.

#28 MayuKisesa

Na anayebaki naye alipwe mwanzo, siyo "nikirudi". Mambo yaliyoshinda vikao ni hayo pia.

#29 BwanaIgoma

Ambayo ni nini? HELA. Nilisema tangu #4.

#30 SangaraMinofu

Mpeni hiyo moja jamani, amesahihishwa mara mbili. Mayu, giza linaingia lini? Nauliza kwa ajili ya dagaa, siyo kikao.

#31 MayuKisesa

Wiki ijayo. Njoo na ndoo yako, ya kuazima hakuna.